Uzi: Ngoma mpya za hip-hop hapa Amu (Lamu), na ugomvi wangu na kila moja

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Mwaka jana nilianzisha uzi kama huu nikataja wasanii watatu kwa majina. Kesho yake alasiri nikazuiwa Mkunguni, mbele ya Ngome, na wanne ambao sikuwataja. Mmoja alikuwa na glasi ya ukwaju mkononi, kila akisema "dharau" anaitikisa, na mimi nimevaa kanzu nyeupe. Safari hii sitaji mtu. Nitasema mtaa na wimbo. Mwenye kujijua atajijua, na asiyejiona humu asinisubiri mlangoni mwa msikiti.

Kwa wageni: mimi si msanii. Nina meza ya kutengeneza simu na spika upande wa Langoni, na kwa sababu hiyo vijana wanaorekodi hapa kisiwani hunijia kabla hawajaenda kwa mtu wa redio. Huja na memori kadi. "Mzee, hebu isikize kwenye spika kubwa." Nina miaka 38, nishakuwa mzee.

Nianze na jambo ambalo watu wa Nairobi na Mombasa hawalielewi wanapouliza mbona hip-hop ya Lamu haisikiki. Kwao wimbo huzaliwa studio, ukalelewa ndani ya matatu. Manamba akiupenda, baada ya wiki mtaa mzima unaujua, utake usitake. Sisi hatuna matatu. Vichochoro vya Mji wa Kale vinapitisha punda wawili wakiheshimiana, na punda habebi subwufa. Kazi ya matatu hapa hufanywa na boti zinazovuka kutoka Mokowe, upande wa bara. Abiria anashuka basi la Mombasa, anavuka, na ndani ya boti kuna spika. Nahodha ndiye DJ wetu. Shida ni kwamba injini inameza besi yote. Nimewaambia vijana mpaka nimechoka: mkichanganya wimbo, msiutegemeze kwenye besi, sauti ya mtu ikae juu, isikike neno kwa neno. Sikio la kwanza litakalousikia limekalia injini.

Haya, tuje kwenye ngoma zenyewe.

Ya Wiyoni

Hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi. Kijana wa Wiyoni, baba yake mvuvi, amerap juu ya bandari mpya ya Lamu. Najua mnasema bandari imeshaimbwa hadi imechakaa. Subirini. Tangu meli za kwanza zifunge gati hapo Mei 2021, kila anayeshika maikrofoni huku ana wimbo wa bandari, na wote ni wa aina mbili: ama "ajira zimekuja" ama "tumeonewa". Huyu hakupita njia yoyote kati ya hizo. Amemsimamisha baba yake juu ya mwamba asubuhi, anayatazama maji, basi. Ubeti wa kwanza:

*Baba yangu yu mwambani*
*wamechimba kule tini*
*naye hayui ni lini*
*nyavu zitarudi mui*

Hesabuni mizani, yaani silabi. Nane, nane, nane, nane. Vina vitatu vinafanana, cha nne kinatoka, na kila ubeti unaofuata unarudi kwenye -ui: siyui, mui, hayatui. Huo ni utenzi! Nikamwambia, "Mwanangu, umeandika utenzi." Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi nimerap tu, mzee." Nikamuuliza nani kwao husoma. Bibi yake, kumbe, humsomea tangu utotoni kila jioni umeme ukikatika. Mtoto hakufundishwa mizani, ameinyonya.

Sasa kwa wanaojua biti. Amepanda juu ya biti ya zamani, ile ya ngoma-na-kofi, mwendo wa kama mapigo 90 kwa dakika. Baa moja ina mapigo manne. Mstari wa utenzi una mizani nane, kwa hivyo kila pigo linapata silabi mbili na mstari unakaa kwenye baa kama samaki kwenye pakacha, hakibaki kitu nje. Mtu akitaka kasi, achukue mshororo mzima wa shairi, mizani 16, autie kwenye baa hiyo hiyo, silabi nne kwa kila pigo. Ulimi utatoka jasho lakini unaingia. Vipimo hivi wazee walituachia, na sisi tunakwenda YouTube kutafuta mafunzo ya kupanga mistari kutoka kwa mtu wa Atlanta.

Halafu tazameni hiyo *mui* na *siyui*. Iandike kwa Kiswahili cha shule: mji, sijui. Kina kimekufa hapo hapo. Kiamu, lahaja yetu, kinakupa vina ambavyo Kiswahili sanifu hakina, na hilo ndilo ninalolipigia kelele humu mwaka wa tatu sasa.

Ubeti wa pili anaitaja ile hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya 2018, fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600 walioathiriwa na bandari. Wengine wangepiga kelele hapo. Yeye anagawanya. Anahesabu kwa sauti ndogo kila mvuvi apate ngapi, halafu anauliza bei ya boti yenye uwezo wa kwenda bahari kuu, halafu ananyamaza baa mbili nzima, biti inakwenda peke yake. Mimi nilidhani kadi imekwama. Nikaichomoa nikaipuliza.

Ugomvi wangu uko ubeti wa tatu. Sijui nani alimwambia lazima kila wimbo uwe na ubeti wa kujisifu. Anaacha Kiamu, anaingia Sheng, na mkazo wa maneno unahama. Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho: nyuMBAni, baHAri. Yeye anasema nyumbaNI, bahaRI, kwa kuwa ndivyo Wamarekani wanavyomalizia mistari yao na pigo linaanguka mwisho. Ukimsikia unadhani mtalii anasoma menyu. Nimemwambia aukate. Anasema ndio ubeti anaoupenda zaidi. Sawa.

Ya Matondoni

Hii imegawa watu. Dada anarap, sauti tupu, uso hauonekani. Video nzima ni mikono miwili ikisuka mkeka, na kwa anayeijua Matondoni hapo hapo anajua ni wapi. Biti ameijenga juu ya vugo. Nasema vugo lenyewe, pembe za nyati zinazogongwa na akina mama harusini, amezirekodi kwa simu kwenye harusi ya binamu yake, akazikata, akazirudia.

Kiufundi ni kazi ngumu kuliko ya Wiyoni. Mwendo wa harusini hauhesabiki nne-nne, unazunguka tatu-tatu, na rapa aliyezoea mapigo manne akiingia hapo anajikwaa kama mlevi kwenye ngazi. Huyu hakujikwaa, na naamini ni kwa sababu amekua akiicheza. Aliyejifunza hip-hop kwa spika za masikioni asingeweza.

Mstari unaozunguka mjini ni huu:

*Mulinteka ukumbini, leo mimi nawateka*

Watu wa bara waliniuliza kuna nini hapo. Teka ya kwanza ni yetu, ni kucheka. Walimcheka. Teka ya pili ni kuteka nyara. Neno moja, kisasi kimekamilika. Na vugo lenyewe tangu asili ndivyo lilivyo: mafumbo, vijembe, shangazi wa bwana harusi anaimbiwa jambo lake naye anatabasamu kwa kuwa akikasirika amekubali.

Ya Shela nitapita haraka. Ni wimbo wa mapenzi, sauti imenyooshwa na kompyuta mpaka haina mtu ndani, na rapu ni baa nane zilizobandikwa katikati ili iitwe hip-hop. Harusini itapigwa. Si vibaya kupigwa harusini.

Ya Mpeketoni

Kundi la vijana wanne, biti ile nzito ya kuteleza, mapigo 140, Sheng mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kuiponda. Nilikuwa nimeshaandika maneno makali nikayafuta baada ya mchango huu hapa chini, kwa hivyo nauweka kama ulivyo.

*Mdau wa Mpeketoni:*
*"Mkubwa, nakuheshimu lakini kila mwaka unatuambia tuimbe Kiamu. Kiamu cha nani? Mimi babu yangu aliletwa hapa na mradi wa makazi, nyumbani tunaongea Kikuyu, shuleni Kiswahili, mtaani Sheng. Nikiimba 'mui' na 'mato' nitakuwa naigiza. Si wewe uliyesema tusiigize? Lamu si kisiwa peke yake."*

Amenifunga mdomo, nakiri mbele ya wote. Kaunti hii ina Hindi, ina Witu, ina Mpeketoni, ina Faza, na sisi wa Mji wa Kale tuna tabia ya kusema "Lamu" tukimaanisha vichochoro vyetu tu. Sheng ya Mpeketoni si ya kuazima, ni yao. Nimerudi kuusikiliza wimbo kwa sikio hilo, na ubeti wa pili, anapoeleza kutembea na kitambulisho hata kwenda dukani tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, umenikaa. Anazitaja nyakati za kafyu kama mtu anayetaja nyakati za sala. Sitanii.

Bado nasema koras yao ni mbovu.

*Mzee wa Mkomani:*
*"Nyinyi vijana hip-hop ni mambo ya Marekani. Kijana wa Amu ana taarabu, ana kasida, ana goma. Hii ya kuvua adabu na kutukanana hadharani imetoka wapi?"*

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, kutukanana hadharani kwa vina hatukukuta kwa Wamarekani. Wewe mwenyewe umekula chumvi kuliko mimi, unakumbuka kimondo. Miaka ya 1970, siasa za uchaguzi zimepamba moto, huyu anatunga, yule anajibu, mashairi yanarekodiwa kwenye kaseti, kaseti zinanakiliwa usiku kucha, asubuhi mji mzima unajua nani kapigwa. Marehemu baba alikuwa akisema duka moja lilikuwa na redio mbili zinazotazamana, moja inasoma, nyingine inarekodi, na mwenye duka ameketi katikati haruhusu mtu kukohoa. Vijana wangeiita vita vya mistari. Sisi tulikuwa nayo, na usambazaji wake tulikuwa nao, bila kampuni yoyote ya muziki.

Na si vijembe tu vilivyopita humo. Mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau, imamu, mtu wa nasaha, yameingia majumbani kwa njia ya kaseti hiyo hiyo. Bibi asiyekwenda barazani aliyasikia jikoni. Kwa hivyo kijana akiniletea memori kadi, mimi naona kaseti iliyopungua mwili.

Kuhusu adabu, mzee, uko sawa kwa wawili watatu. Na Ramadhani wenyewe hujifunga, hakuna anayeachia wimbo. Kuanzia Idi Mosi ndipo simu yangu hailali.

*Mwanafunzi, Faza:*
*"Kaka naomba kuuliza, mnarekodia wapi? Huku hatuna studio, na nikirekodi nyumbani inasikika kama niko ndani ya birika."*

Swali zuri. Bila shaka nyumba yenu ni ya mawe. Kuta nene zinazuia kelele za nje, hiyo ni neema, lakini lipu laini linarudisha sauti, ndiyo hiyo birika. Usinunue sponji za bei. Tundika leso na blanketi nyuma yako, si mbele tu, weka mkeka chini, godoro lisimame pembeni. Ukipata banda la makuti ni bora zaidi kwa mwangwi, makuti yanameza sauti, ila hayazuii chochote: kunguru, jenereta, watoto, vyote vitaingia. Panga muda kati ya adhana na adhana, na umuulize jirani punda wake hula saa ngapi. Nimewahi kupoteza rekodi nzuri ya saa nzima kwa punda mmoja. Tuliisikiliza mara nne tukijaribu kumfuta, mwishowe tukamwacha, na sasa yumo, mwisho wa ubeti wa pili, na cha ajabu ameingia kwenye pigo.

*Dada wa Langoni:*
*"Mbona unawasifu tu, hujasema wanalipwaje. Mdogo wangu ana nyimbo sita YouTube na bado anaomba nauli."*

Dada yangu, hapo umenigusa kidonda. Niseme ninavyojua.

YouTube, kabla hawajakugawia pesa za matangazo, wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wimbo wa dakika tatu, fanya hesabu, ni watazamaji kama 80,000 wa kuumaliza mpaka mwisho. Spotify nao tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi hata senti. Vijana wetu wengi wako chini ya hapo. Huo si uvivu. Wasikilizaji wao wanahamishiana wimbo kwa Bluetooth na WhatsApp, na huko hakuna anayehesabu. Wimbo wa Wiyoni nimeusikia kwenye simu za watu ambao hawajawahi kufungua Spotify maishani.

Kinachowaingizia kitu ni kupanda jukwaani, na jukwaa letu kubwa ni tamasha la utamaduni la Novemba. Huko nako miaka ya nyuma kijana nimjuaye aliitwa, akafanya majaribio ya sauti jua kali, akaambiwa atapanda saa tatu usiku. Saa tano wakamwambia muda umeisha, na pesa ya nauli wakamwambia aje Jumatatu. Jumatatu ofisi ilikuwa imefungwa kwa mapumziko. Sitaji ofisi.

Jambo jingine, na hili nawaambia wanaokata vipande vya taarabu ya zamani kuvitia kwenye biti. Sheria ya Kenya inalinda rekodi miaka 50 tangu ilipofanywa, na utunzi wenyewe unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kaseti ya 1985 bado ina mwenyewe. Hapa Amu mwenyewe ni mjomba wa mtu, nenda ubishe hodi uombe, mara nyingi utapewa na chai juu. Wimbo ukishavuma ndipo utasikia wajukuu wana wakili. Na wa kwako ukausajili kwenye Bodi ya Hakimiliki kabla hujautia kwenye simu ya kila mtu. Dada wa Matondoni alijirekodia vugo mwenyewe, ameepukana na nusu ya hayo, ingawa shangazi mmoja anadai sauti inayosikika nyuma ni yake na anataka leso. Nadhani apewe.

*Kijana wa Mombasa:*
*"Mkiimba Kiamu nani atawaelewa nje? Soko ni Nairobi na Dar."*

Ndugu yangu, wewe wa Mombasa ndiye wa kuniuliza hivyo? Kundi la rap la Ukoo Flani lilitoka kwenu na lafudhi yenu, wakakutana na kundi la Mau Mau la Dandora, Nairobi, na Kenya nzima ikawasikiliza. Rapa wenu Kaa La Moto hajaacha Kiswahili chake cha Pwani ili aeleweke. Kuna maneno mangapi ya Kijamaika umeyaimba utotoni bila kujua maana? Mtu akiupenda wimbo atauliza "mato" ni nini, ataambiwa ni macho, yameisha. Lakini akiusikia wa Amu anayeiga wa Kayole kule Nairobi, atajiuliza kwa nini asimsikilize wa Kayole mwenyewe.

Ila kauli ya yule wa Mpeketoni bado inanizunguka. Labda niliyokuwa nasema miaka yote hii si Kiamu kama Kiamu. Ni ile hali ya kijana wa Wiyoni katika beti mbili za kwanza, kabla hajakumbuka kwamba anarap.

Nyongeza, baada ya Isha

Kijana wa Wiyoni ameusoma uzi. Amekuja mezani, hakusalimu, ameweka kadi mpya. Ameukata ubeti wa tatu. Mahali pake ametia sauti ya bibi yake, akisoma, bila biti chini, ubeti mmoja tu, halafu biti inarudi kwa sekunde chache na kuzimika. Bibi amekosea neno katikati akajirekebisha, na ameliacha hivyo hivyo.

Nimesikiliza mara mbili. Nimemwambia besi ipunguzwe kidogo kwa ajili ya boti. Amesema sawa.

Nahodha wa boti ya asubuhi nimeshamtilia kwenye simu yake. Anayevuka kesho saa moja akae mbele, mbali na injini.